Kitabu cha siku za kawaida: namna ya kutunza mambo madogo ya nyumbani

Kibanda changu cha fotokopi kiko Walukuba, Jinja, Uganda, na kinachopita mikononi mwangu kutwa nzima ni vyeti: vya shule, vya ndoa, vya kuzaliwa, barua za LC1 (mwenyekiti wa kijiji), picha za mahafali zinazotaka kupigwa lamineshoni kabla jasho la mwenyewe halijakauka. Watu wanatunza siku kubwa na sina ugomvi nao. Ila harusi ina mpiga picha wake, mazishi yana daftari lake la wageni, mahafali yana fremu yake ukutani. Jumanne haina mtu. Orodha ya sokoni aliyoiandika mama kwa haraka, karatasi ambayo mtoto amechora boda yenye magurudumu matano, hizo huondoka na ufagio.

Hapa nitaeleza ninavyozitunza, kwa vitu vinavyopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya shule. Kuna wanaoagiza vibandiko vya kumeta, mikasi ya kukata mawimbi na karatasi za maua. Ukipenda, nunua. Lakini wateja wangu wanaoanza na mapambo naona hukwama ukurasa wa tatu, kwa sababu kila ukurasa unadai urembo, na siku ya kawaida haina urembo wa kutosha kuulipa.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, tukahama naye kambi baada ya kambi, na ndiyo sababu Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani ingawa ukoo wetu ni wa Teso. Uhamisho ulipokuja, lori lilipakiwa godoro, masufuria na sanduku la bati. Sandukuni mlikuwa na picha za baba, sare imepigwa pasi, kifua mbele. Ya mama akisubiri zamu yake bombani haikuwamo hata moja, na sisi watoto tulikulia pale bombani. Kwa hiyo nikisema tunza madogo, siyo kwamba nimesoma mahali. Ndilo pengo lililomo kwenye sanduku letu.

Nini kiingie

Kipimo changu ni hiki: kitu ambacho leo hakuna anayekiokota, na baada ya miaka kumi hutakipata hata ukiwa na pesa. Orodha ya mahitaji ya shule, kwa mfano. Rimu moja ya karatasi, mifagio miwili, sabuni, karatasi za chooni, sukari. Mtoto akikua ataicheka, lakini pia ataona mzazi wake alibeba nini begani mwanzoni mwa mwaka. Tiketi ya basi iliyoandikwa kwa mkono. Kipande cha kitenge alichokirudisha fundi baada ya kushona nguo ya sikukuu. Namba za tokeni ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, zilizoandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni usiku umeme ulipoisha katikati ya kupika. Ujumbe ambao kijana wako aliuacha mlangoni: "Nimeenda kwa Jajja, ufunguo uko pale pale."

Kila Januari natenga ukurasa mmoja wa bei. Kilo ya sukari, fungu la mukene (dagaa), lita ya mafuta ya kupikia, nauli ya boda kutoka Walukuba hadi Soko Kuu. Siupambi. Ndio ukurasa ambao wageni huusoma kwa sauti kuliko mwingine wowote, na ndio wa kwanza kuzusha ubishi.

Andika pia vinavyokuja na kuondoka: siku senene walipoanza kuonekana kwenye taa za barabarani, siku embe la kwanza lilipoanguka, siku jirani aliponunua spika kubwa. Hilo la mwisho hutahitaji picha.

Kitu kimoja kwa wiki kinatosha. Ukijilazimisha kila siku utachoka, na ukichoka kitabu kitalala chini ya kitanda. Mimi nakaa nacho Jumapili jioni vyombo vikishaoshwa, nusu saa, basi. Katikati ya wiki vitu huingia kwenye bahasha kubwa iliyoning'inizwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mtu nyumbani anajua haitupwi.

Visiingie: karatasi iliyofunga rolex (chapati ya mayai) au samosa, maana mafuta hutembea kutoka ukurasa hadi ukurasa na mende huyafuata. Maua mabichi. Kitu chochote cha chuma. Na, ingawa si kumbukumbu ya aina yoyote, nimeshaona watu wakibandika karatasi yenye namba ya siri ya simu au kopi ya kitambulisho cha taifa. Kitabu hiki kitashikwa na kila mgeni anayesubiri chai, kwa hiyo vitu hivyo viwe na mahali pake pengine.

Kuna vitu havibandikiki lakini vinahamishika. Alama za urefu wa watoto ukutani ni mojawapo. Kwa sisi tunaopanga, mwenye nyumba akija na rangi ukuta unafutika asubuhi moja. Chukua karatasi ya manila, kata vipande virefu vyenye upana wa vidole vitatu, viunganishe kwa gundi mpaka vipite urefu wa mtoto mkubwa. Shikilia utepe huo ukutani, mwisho wake ukigusa sakafu, kisha hamisha kila mstari kwa penseli pamoja na jina na tarehe yake. Ukunje kwa kwenda na kurudi kama feni ya mkononi, uuweke kwenye bahasha uliyobandika nyuma ya jalada. Ukihamia nyumba nyingine unaufungua, unausimamisha sakafuni, mnaendelea kupima.

Nyumbani kwetu kurasa nene kuliko zote ni za wakati shule zilipofungwa, kuanzia Machi 2020 mpaka zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Ni nchi chache duniani zilizofunga shule muda mrefu kiasi hicho. Picha za wakati ule ninazo chache tu, lakini ninayo ratiba ambayo mwanangu wa kati alijiandikia kwenye ubavu wa boksi la mafuta ya kupikia. Saa tatu hesabu. Saa nne kuchota maji. Saa tano hesabu tena, "kama kaka hajachukua penseli". Saa sita haina kitu, ameandika tu "saa sita". Boksi lenyewe lilikuwa nene mno kuingia kitabuni, kwa hiyo nililoweka maji kidogo upande wa nyuma, nikachuna tabaka la juu lenye maandishi, nikalikausha chini ya kamusi. Maandishi yalikuwa ya penseli, ndiyo maana yalivumilia. Yangekuwa ya kalamu ya jeli yangeondoka na maji.

Kitabu chenyewe

Albamu nyingi zinazouzwa mjini, zile zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunua, ni za kuepuka. Gundi yake hugeuka njano mistari mistari, na baada ya miaka picha hushika kiasi kwamba ukiivuta inachanika. Watu huniletea albamu hizo nipige picha juu ya picha, kwa sababu kuitoa haiwezekani tena.

Nunua kaunta buku, ile ya jalada gumu ambayo wenye maduka huandikia madeni. Chagua iliyoshonwa kwa uzi. Ifungue katikati uangalie: ukiona uzi, ni nzuri, ukiona gundi tupu mgongoni, kurasa zitaanza kung'oka kabla hujafika nusu. Iliyo na kurasa nyingi sana usiichukue. Itakuwa nzito, na kitabu kizito watoto hawakifungui.

Tatizo la kaunta buku ni kwamba ukibandika vitu kinavimba, jalada halifungi, na mgongo unapasuka. Dawa yake ni kupunguza kurasa kabla hujaanza. Hesabu karatasi mbili, ya tatu ikate kwa wembe na rula, lakini usiikate hadi mgongoni: acha ukingo wa sentimita mbili. Ukingo huo unakaa kama kisigino ndani ya kitabu, unaupa mgongo unene unaolingana na unene wa vitu utakavyobandika. Endelea hivyo hadi mwisho. Usikate zaidi ya hapo, na usivute karatasi kwa mkono, maana katika kitabu cha kushonwa karatasi moja imeungana na mwenzake wa upande wa pili. Ukiing'oa hii, ile inalegea.

Karatasi ulizokata usitupe. Zikunje, bandika kingo tatu, upate mifuko ya kuhifadhi vitu visivyotaka gundi: unywele wa kwanza wa mtoto, kitambaa, barua iliyokunjwa.

Kwa anayefika Kampala, Nasser Road ndiko kwenye wachapishaji, na hao hukata karatasi kutwa nzima. Waulize mabaki ya karatasi nene. Vipande hivyo huuzwa rahisi, na vinafaa kuwa ubao wa kubandikia picha au kutengenezea pembe nitakazozieleza hivi punde.

Jalada unaweza kulivika. Wengi hukimbilia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, na ni kizuri kweli. Ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Hata hivyo uliza wazee kwanza. Kwa Baganda lubugo ndilo wanalofungia maiti, na mke wa kaka yangu, Muganda wa Masaka, alipokiona kitabu cha watoto kimevikwa hivyo katika banda moja la watalii, alikirudisha mezani kama kimemuunguza. Kwetu nimetumia kitenge. Kitambaa kinabandikwa kwa gundi nyembamba iliyopakwa kwenye jalada, siyo kwenye kitambaa, la sivyo itapenya na kuacha madoa upande wa maua.

Kubandika

Kanuni ni moja: karatasi inaweza kupakwa gundi, picha isipakwe. Picha siku moja utataka kuitoa, kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu aliyefariki, kwa ajili ya kopi ya ndugu, kwa ajili ya kusoma kilichoandikwa nyuma. Kwa hiyo ifunge kwa pembe za karatasi, na hizo unazitengeneza mwenyewe.

Kata kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita nne na upana wa sentimita mbili. Kiweke mbele yako kimelala. Tafuta katikati ya ukingo wa juu, weka alama ndogo ya penseli. Kutoka kwenye alama hiyo kunja upande wa kushoto kwenda chini, kisha wa kulia, ncha zote mbili zikutane katikati ya ukingo wa chini. Unapata pembetatu, mgongoni ina mshono wa katikati. Ingiza pembe ya picha ndani yake, ule upande wenye mshono ukiwa nyuma ya picha. Fanya hivyo kwa pembe zote nne, paka gundi migongoni mwa pembetatu tu, kisha laza picha yote ukurasani na ukandamize. Ikishakauka, picha inatoka na kuingia bila kuumia. Mara ya kwanza utatukana kidogo. Ukishafanya picha tatu, mikono inakwenda yenyewe huku unasikiliza redio.

Gundi ya kijiti inatosha kwa karatasi. Uji wa wanga wa muhogo, ule tuliotengenezea vishada utotoni, unashika vizuri na ni wa bure, lakini upake mwembamba kama jasho. Ukibaki mnene mende watakuja kula na kurasa pia. Selotepu sikubali kabisa. Inageuka njano, inakauka, inajibandua, na inaacha doa lisilotoka. Pini za steplo zinashika kutu kwenye unyevu wetu huu, na raba bendi huyeyuka na kugandia kwenye karatasi. Kama kuna kitu cha kufunga, tumia uzi wa pamba.

Risiti na lamineshoni

Hili linanihusu kikazi, kwa hiyo niruhusu nilirefushe kidogo.

Risiti ya supamaketi, ya ATM, ya kituo cha mafuta, haina wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaandika kwa kuichoma. Ndiyo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inakuwa nyeusi yote, na ukiiweka ndani ya plastiki laini ya albamu maandishi yanapotea, ukurasa unabaki mweupe kama haukuandikwa. Jaribu kwa kucha: kwaruza haraka upande wa mbele. Ikiacha mstari mweusi, ni ya joto. Itoe kopi wiki hiyo hiyo, na kitabuni ibandike kopi.

Kila mwezi anatokea mtu anataka risiti yake ipigwe lamineshoni ili "ikae milele". Mashine ya lamineshoni inafanya kazi kwa joto. Risiti inaingia ikiwa na maandishi, inatoka upande wa pili nyeusi tii, imefungwa vizuri kwenye plastiki. Siku hizi nakataa kuipokea.

Na hata karatasi za kawaida, mimi ninayeuza huduma hiyo nakwambia: usipige lamineshoni kitu usicho na nakala yake. Plastiki ikishashika haitoki tena, na ikianza kufunguka pembeni unyevu unaingia bila njia ya kutoka. Kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya bibi, picha ya zamani: tengeneza kopi, kopi ndiyo uipige lamineshoni ukitaka, asili ikae kwenye bahasha ya karatasi.

Kipande cha gazeti pia kitoe kopi kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ya gazeti hugeuka kahawia na kukatika kama chapati iliyokauka, na huambukiza rangi hiyo ukurasa ulioko mbele yake.

Maandishi chini ya picha

Hapa ndipo vitabu vingi hufa. Mtu anabandika picha kumi, anaandika "Kumbukumbu nzuri" na moyo mwekundu. Baada ya miaka ishirini mjukuu anauliza huyu ni nani, na aliyekuwa akijua hayupo.

Mwaka 2015, katika ofisi za shirika la utangazaji la taifa, UBC, lilipatikana kabati lenye negativu zipatazo elfu 70, nyingi za enzi za Idi Amin. Makerere na Chuo Kikuu cha Michigan wakashirikiana na UBC kuziingiza kwenye kompyuta, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala. Ziliweza kupangwa na kueleweka kwa sababu zilikuwa kwenye bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Bila bahasha zile, ni maelfu ya watu waliovaa suti wakipeana mikono. Na tazama zinachoonyesha zaidi: hotuba, magwaride, wageni wa serikali. Serikali ilikuwa na mtu wa kulipwa wa kuandika bahasha zake. Kwenu mtu huyo ni wewe.

Andika nani, wapi, lini, halafu jambo moja ambalo kamera haikuliona. Sauti, harufu, sababu, kilichotokea dakika moja kabla. Huu hapa mfano kutoka kwetu, kama ulivyo kitabuni:

"Mama, uani, Walukuba, Jumamosi asubuhi, Aprili 2023. Anachagua mawe kwenye maharage. Redio iko dirishani, haionekani, na anabishana nayo kuhusu bei ya mahindi. Gomesi si yake, ni ya shangazi. Zake zote zimelowa, mvua haijakatika tangu Alhamisi. Mkia pembeni ni wa kuku wa jirani, na alishiba."

Toa maelezo hayo, ubaki na picha ya mwanamke na ungo. Wanawake na nyungo wako wengi.

Majina yawe mawili, na undugu utajwe. "Anti" haitoshi, Uganda nzima ni anti. Andika "Anti wa Soroti, mdogo wa baba, yule anayeuza viatu". Kama hujui jina la aliyepita nyuma ya picha, andika ulijualo: "kijana wa chapati wa kona". Na maneno ya watu yaandike yalivyotoka. Nyumbani kwetu sentensi moja inaanza kwa Kiswahili, inapita Lusoga na kumalizia kwa Ateso. Nikiinyoosha iwe Kiswahili safi, anayezungumza siyo tena mama yangu.

Kuhusu kalamu: bolpeni ya kawaida inafaa ukurasani. Kalamu za jeli na za rangi zipime kwanza. Andika neno kwenye karatasi ya mwisho, subiri likauke, dondoshea maji. Likikimbia, kalamu hiyo warudishie watoto. Nyuma ya picha usiandike kwa bolpeni. Inachomoza upande wa uso, na wino huhamia kwenye picha inayolaliwa. Penseli laini ni salama, ila picha nyingi za siku hizi zina mgongo wa plastiki usioshika penseli, kwa hiyo maelezo yakae ukurasani chini ya picha na siyo kwenye picha yenyewe.

Picha za simu

Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, hujaa hadi mtu anafuta kwa hasira. Mwisho wa mwezi kaa na simu yako uchague picha tano. Zile ambazo kila mtu amesimama wima akitabasamu ziache. Tafuta ile ambayo mtu anafanya kitu: anasuka, anapiga pasi, anarekebisha tairi, amelala mdomo wazi kwenye mkeka.

Ukizituma studio kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, siyo kama picha, maana programu huibana picha na ikichapwa kubwa inatoka na ukungu. Agiza saizi ya sentimita kumi kwa kumi na tano. Mbili zinaingia ukurasa mmoja wa kaunta buku na nafasi ya maandishi inabaki. Omba zisafishwe kwa mashine ya studio. Za printa ya wino ya ofisini, hata za kwangu, nyingi hazivumilii tone la maji. Naipoteza biashara hapa lakini ndio ukweli.

Pa kuweka

Jinja iko ziwani na mtoni, na kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Novemba, hata chumvi inalia. Adui wa kitabu ni unyevu, mchwa na mende, kwa mpangilio huo. Kisikae sakafuni wala kisiegemee ukuta wa nje. Sanduku la bati bado ndilo bora kwa mchwa, ila liinue juu ya matofali au vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu hunyonya unyevu. Kusanya, weka sandukuni, mbali na mikono ya watoto wadogo. Majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa ni kawaida ya wengi na hayana madhara, mradi yasiwe ndani ya kurasa. Vidonge vya nondo sitaki. Harufu yake haiishi, na mtoto anaweza kudhani ni peremende.

Kisha kifungue. Kitabu kinachofunguliwa kila Jumapili hakioti kuvu kwa urahisi, kwa sababu hewa inapita.

Paa likivuja na kitabu kikalowa, una kama siku mbili kabla ya kuvu kuanza. Usifunge kitabu ukitumaini kitakauka. Picha zilizoshikana zitenganishe zikiwa bado na maji, polepole. Zikikauka hivyo hazitaachana. Za studio zisuuze kwenye maji safi, zilaze kivulini uso ukiwa juu, pasipo kugusana. Jua kali linazikunja. Kati ya kurasa weka karatasi kavu za kunyonya maji na uzibadilishe mara kwa mara.

Kitabu kikijaa, andika mgongoni mwezi na mwaka kilipoanza, mwezi na mwaka kilipoisha, ukifunge kwa utepe wa pamba. Siku hiyo hiyo nunua kingine, hata kama huna cha kuweka. Duka letu la vifaa vya shule bado huandika risiti kwa mkono, kwa bolpeni, na kopi ya kaboni; hiyo haina haja ya kutolewa fotokopi. Ibandike ukurasa wa kwanza, andika bei ya kitabu, aliyekuuzia, na mlichokuwa mnazungumza wakati anatafuta chenji.